Ukiuza kampuni ya programu, unauza nini hasa?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na wachache wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Nilikuwa na jambo la kuamua, na sikutaka kulizungumza hadharani kabla sijaliamua.

Jambo lenyewe ni hili: kampuni yetu ilipata mnunuzi.

Nikisema kampuni msifikirie jumba la vioo. Ni watu kumi na mmoja, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya Ngong Road, jenereta tunayogawana na jirani, na birika la chai lisilopoa. Tulianza wawili, mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, tukiwa na tarakilishi mbili kuukuu na mteja mmoja, mwenye duka la dawa. Hatuna bidhaa tunayouza. Mtu huja na shida yake, tunakaa naye, tunamwandikia programu, anatulipa (au anachelewa kutulipa), kisha tunamtafuta mwingine.

Mnunuzi alileta barua, na ndani ya barua mlikuwa na tarakimu. Sitaitaja, lakini ilikuwa tarakimu ya kumtoa mtu usingizini. Jioni ile mimi na mwenzangu tulikula nyama choma na kucheka kama wanafunzi waliofunga shule. Kesho yake asubuhi, dada mmoja tuliyemwajiri kabla ya wengine wote alikuja mezani pangu. Huyu ndiye aliyekaa nasi miezi mitatu bila mshahara, mwaka ule mteja mkubwa alipokataa kutulipa.

"Mkubwa," akasema, "nasikia mnauza. Sasa mimi niko ndani ya hiyo bei, ama niko nje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Kisha nikafanya kile ninachofanya kila nikikwama: nikaenda kusoma jinsi waliotangulia walivyofanya.

Kuna kampuni moja ambayo historia yake nimeifuatilia tangu nianze kazi hii, ingawa sijawahi kufanya kazi kwao. Inaitwa Thoughtworks. Ilianzishwa Chicago mwaka 1993 na Roy Singham, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa msomi mwenye asili ya Sri Lanka. Kazi yao ni kama yetu, tofauti ni ukubwa tu: kuandikia watu wengine programu na kuwashauri. Na kama wewe ni mwandishi wa programu, nina hakika umewahi kutumia kazi ya mikono yao hata kama jina lao hulijui.

Chukua Selenium, ile zana inayoendesha kivinjari yenyewe na kubonyeza vitufe ili kujaribu tovuti yako. Ilizaliwa mwaka 2004 katika ofisi ya Thoughtworks ya Chicago. Jason Huggins alikuwa akiandika programu ya ndani ya wafanyakazi kujaza saa za kazi na gharama zao, akachoka kuijaribu kwa mkono kila alipobadilisha kitu. Hata jina ni mzaha. Mpinzani mkubwa katika zana za majaribio siku hizo alikuwa kampuni iliyoitwa Mercury, yaani zebaki, na madini ya seleniamu yanasemekana kutibu sumu ya zebaki. Basi ndivyo zana inayotumika dunia nzima ilivyoanza: mtu mmoja aliyechoshwa na fomu ya kujaza saa.

Au chukua ile desturi ya kuunganisha msimbo wa timu nzima mara nyingi kwa siku na kuacha mashine iujaribu yenyewe. Martin Fowler, aliyejiunga nao mwaka 2000, aliandika makala kuihusu mwaka huohuo pamoja na mwenzake Matthew Foemmel, wakieleza walivyofanya katika mradi wao. Muda mfupi baadaye wafanyakazi wa Thoughtworks wakatoa CruiseControl, programu huria ya kufanya kazi hiyo. Februari 2001 Fowler alikuwa mmoja wa wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, na kuandika Ilani ya Agile. Leo kila kijana anayetoka chuoni huniambia yeye ni mtu wa Agile. Mimi humuuliza tu kama amewahi kuisoma ilani yenyewe. Ni fupi kuliko makala hii.

Sasa, kwa nini watu wa kampuni ya kuuza huduma wapate nafasi ya kutengeneza vitu vya bure? Hapa lazima nieleze kidogo biashara hii inavyokwenda, kwa sababu wengi mnadhani ni pesa za haraka.

Kampuni kama yetu huuza siku za watu. Tuseme mwandishi wa programu analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mimi namtoza mteja 15,000 kwa siku. Mwezi una siku kama 20 za kazi, kwa hivyo nikiziuza zote napata 300,000. Inapendeza. Lakini nikiuza nusu tu, napata 150,000, ambazo zote zinaishia kwenye mshahara wake, na kodi ya ofisi naitoa mfukoni. Mtu asiye na mradi tunasema amekaa benchi, kama mchezaji wa mpira, ila huyu wa kwetu mshahara wake ni uleule. Tena hapa Kenya, ukishamtolea mteja ankara, VAT yake inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amekulipa au hajakulipa. Nimewahi kukopa benki ili nilipie ushuru pesa ambazo sikuwa nimeziona kwa macho. Na mteja wa namna fulani akikulipa hatimaye, anakukata asilimia 5 ya ushauri kabla hujaigusa.

Kwa hivyo kila saa ambayo mtu wako anatengeneza kitu cha bure ni saa ambayo hukuiuza. Mwenye hisa wa kawaida akiiona saa hiyo kwenye hesabu ataiuliza maswali. Singham hakuwa na mwenye hisa wa kumuuliza. Kampuni ilikuwa yake. Aliiita jaribio la kijamii, na baadaye wakaandika kwamba inasimama juu ya nguzo tatu: kuendesha biashara inayojimudu, kuboresha kazi ya programu duniani, na kutetea haki ya kijamii na kiuchumi. Kampuni nyingi zina nguzo ya kwanza. Chache zina ya pili. Ya tatu mara nyingi huonekana kwenye kalenda ya Krismasi tu.

Lakini hawa waliitumia pesa. Nina mifano miwili kutoka upande wetu wa dunia.

Wa kwanza unaanzia Eldoret. Mnaujua mfumo wa OpenMRS wa kuweka rekodi za wagonjwa? Ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya AMPATH pale hospitali ya rufaa ya Moi, wakati wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wakiongezeka kuliko mfumo wa zamani ulivyoweza kubeba. Wataalamu wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana pamoja na shirika la Partners In Health wakaujenga upya kama programu huria. Miaka michache baadaye watu wa Thoughtworks nchini India wakauchukua, wakauunganisha na mifumo mingine huria ya maabara na hesabu, wakapata Bahmni, mfumo wa hospitali nzima. Walianzia katika hospitali ya vijijini ya Ganiyari, jimbo la Chhattisgarh. Kitu kilichochipuka kwa ajili ya mgonjwa wa Eldoret kikaenda kumhudumia mgonjwa wa kijiji cha India. Mimi nikisikia hivyo nafurahi kama mtu aliyesikia jirani yake amefaulu mtihani.

Wa pili ni Kampala. Thoughtworks walikuwa na ofisi pale, na walishiriki katika RapidFTR, programu ya simu ya kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wakati wa vita au maafa, ambayo UNICEF ilikuwa nyuma yake. Kabla ya hapo mambo haya yalikwenda kwa karatasi: fomu inajazwa kambini, inasafirishwa, na mzazi aliye kambi nyingine anasubiri. Ilijaribiwa kwa wakimbizi waliokuwa wakiingia Uganda kutoka Kongo. Hakuna tarakimu ya faida ya kuandika mbele ya kazi kama hiyo.

Kuna na jambo la Aaron Swartz. Huyu ndiye kijana aliyeshiriki kutunga kanuni za RSS akiwa bado mvulana wa shule. Alipofariki Januari 2013 akiwa na miaka 26 alikuwa mfanyakazi wa Thoughtworks, huku akikabiliwa na kesi ya serikali ya Marekani kwa kupakua makala za kitaaluma kwa wingi. Jiulize ni kampuni ngapi zenye hisa sokoni zingemwajiri mtu mwenye kesi kama ile.

Basi nikiwa naisoma historia hii usiku, nilianza kuandika jibu la Ijumaa kichwani: hatuuzi, kampuni ya binafsi ndiyo kampuni huru, kwisha.

Ila historia haikuishia hapo, na hapa ndipo iliponiuma.

Mwaka 2017, baada ya miaka 24, Singham aliuza. Mnunuzi alikuwa Apax, wawekezaji wa London wanaonunua kampuni kwa pesa za watu wengine wakitarajia kuziuza baadaye kwa faida. Bei iliyotajwa baadaye ilikuwa dola milioni 785. Wakati huo kampuni ilikuwa na watu wapatao 4,500 katika nchi 15. Mwanzilishi akaondoka. Magazeti yameandika mengi juu ya alivyotumia pesa zake baada ya hapo, lakini hiyo ni habari nyingine na siiingilii.

Septemba 2021 kampuni ikapelekwa kwenye soko la hisa la Nasdaq kwa dola 21 kila hisa. Ulikuwa mwaka wa neema. Kila kampuni duniani ilitaka kuhamia mtandaoni kwa sababu ya Korona, na siku za waandishi wa programu ziliuzika kama maji wakati wa kiangazi. Kisha wateja wakakunja mikono. Mwaka 2023 Thoughtworks ikapunguza wafanyakazi. Agosti 2024 Apax walewale wakakubaliana kuzinunua hisa walizokuwa hawazimiliki kwa dola 4.40 kila moja, na Novemba mwaka huo kampuni ikatoka sokoni na kuwa ya binafsi tena. Aliyenunua kwa 21 alirudishiwa kama moja ya tano ya pesa zake.

Niwe mkweli: siwezi kusema kwamba kuuza ndiko kulikoleta shida. Kampuni nyingi za ushauri zilibanwa miaka hiyohiyo, na nyingine hazikuwa zimebadilisha mwenyewe. Wala simlaumu mzee kwa kuuza mali yake. Lililoniuma ni jingine. Uhuru wote ule nilioupenda, zile saa za kutengeneza vitu vya bure, zile nguzo tatu, ulikuwa umening'inia kwenye saini ya mtu mmoja. Alipotaka, ulikuwepo. Siku alipotia saini nyingine, waliobaki walilazimika kuuomba upya kwa mwenye nyumba mpya. "Binafsi" haina maana ya "yetu". Ina maana ya "yake".

Na mimi? Nikafungua cheti cha kampuni yetu. Hisa 1,000. Mia tano zangu, mia tano za mwenzangu. Yule dada wa miezi mitatu, sifuri. Nilikuwa nimemsifu Singham usiku kucha kumbe nimejenga nyumba yangu kwa ramani ileile.

Nikaendelea kusoma, nikaona jambo la pili ambalo sikulitarajia. Thoughtworks waliwahi kuwa na bidhaa ya kuuza, Mingle, ya kupanga kazi za timu. Ilitoka 2007 na ikafungwa mwaka 2019. Walioitegemea walihamishia kazi zao kwingine. Lakini Selenium iko hai, na haiko chini ya Thoughtworks, iko chini ya jamii ya wanaoitumia. Bahmni inaangaliwa na muungano wa mashirika. GoCD, zana yao iliyokuwa ya kulipia, waliifanya huria mwaka 2014 na bado unaweza kuipakua na kuusoma msimbo wake. Bei iliposhuka kutoka 21 hadi 4.40, Selenium haikupungua hata mstari mmoja. Kilichotolewa bure hakikuwemo ndani ya bei, kwa hivyo hakikuweza kuuzwa wala kushuka.

Ndipo nikaelewa swali la yule dada. Sisi hatuna mitambo. Hatuna ghala. Mnunuzi akija Ngong Road kuhesabu mali yetu atapata viti, jenereta nusu, na birika. Zile tarakimu zilizo kwenye barua ni bei ya kitu kimoja: matumaini yake kwamba watu kumi na mmoja watarudi kazini Jumatatu na kufanya kazi kama walivyofanya Ijumaa. Wawili kati yao wanalipwa kwa matumaini hayo. Tisa wanahesabiwa kama viti.

Ijumaa nilizungumza kwanza na mwenzangu. Sitaficha, hayakuwa mazungumzo mazuri. Ana watoto watatu shuleni na mkopo wa nyumba. Akaniambia, "Wewe unasoma historia za Wazungu, mimi nasoma ujumbe wa benki." Ana haki. Sote wawili tulikopa kwa majina yetu siku mbaya zilipokuja, na hati za nyumba ya mama yake ndizo zilizowahi kuwekwa dhamana, si za mtu mwingine. Hatari tuliibeba sisi. Nilimwambia yule dada pia alikopa, ila yeye alimkopesha kaka yake imani kwamba tutamlipa. Tukanyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye tukakubaliana mambo mawili, yeye kwa shingo upande.

La kwanza, hisa 300 kati ya zile 1,000 zigawiwe wale tisa kulingana na miaka waliyokaa, zisajiliwe kabisa kwa majina yao na zisiwe ahadi ya mdomo. Ukiuza au usipouze, ni zao. La pili, ile maktaba yetu ya kuunganisha malipo ya M-Pesa, ambayo tumeiandika na kuiandika upya kwa miaka na kuipeleka kwa kila mteja, itolewe iwe programu huria kabla ya mtu yeyote kutia saini popote. Ikitokea kampuni imekufa, kijana wa Kisumu au Mombasa asianze sifuri kama tulivyoanza sisi.

Kisha tukamwandikia mnunuzi: tuko tayari kuzungumza, lakini wauzaji sasa ni kumi na mmoja na maktaba ile si sehemu ya mali. Amejibu kwamba atatafakari. Hiyo ni majuma mawili yaliyopita. Huenda asirudi, na kama hatarudi, mimi na mwenzangu tumejinyima pesa ambazo pengine hazitapita tena barabara hii. Mwenzangu bado ananisalimia kila asubuhi, lakini hatujala nyama choma tena.

Yule dada nilimwita jioni ile, nikamwonyesha karatasi yenye jina lake na idadi ya hisa zake. Aliisoma mara mbili. Nilidhani atashukuru au atalia, sijui. Akauliza, "Na zile mshahara za miezi mitatu?"

Tulikuwa hatujawahi kuzimaliza kumlipa. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakuwa amesahau.

Tumemlipa Jumatatu.

Haya basi, wadau. Nikirudi wiki ijayo nitaandika jinsi ya kuandaa maktaba ya msimbo kabla ya kuitoa iwe huria, maana tumegundua nywila mbili za wateja zimeachwa ndani ya faili za zamani, na hilo ni somo lenyewe. Kwa sasa nina swali kwa wale wenye kampuni ndogo kama yetu: fungua cheti chako leo, uangalie majina yaliyoandikwa mle, kisha utazame waliokaa ofisini mwako. Je, ni watu walewale?